Ayubu Kwenye Bonde la Risasi

Katikati ya mabishano makali ya Ayubu na rafiki zake, mazungumzo yanakatika na sura ya 28 inatupeleka mgodini. Tunaonyeshwa watu wanaoning'inia mbali na makazi ya wenzao, wakipeleka mwanga mahali ambapo jua halijawahi kufika, wakipindua milima tangu misingi yake, wakipasua miamba ili maji yapite wanapotaka. Wanyama wakali hawajakanyaga huko, na hata ndege mwenye jicho kali hajaiona njia hiyo. Kisha linakuja swali: binadamu huyu anayefukua kila kilichofichwa, hekima ataipata wapi?

Nimeisikia sura hii ikihubiriwa tangu utoto wangu, na karibu kila mhubiri alikuwa na haraka ya kuwaacha wachimbaji shimoni ili aifikie hekima. Wachimbaji walibaki kuwa mfano wa tamaa na mahubiri yakasonga mbele. Mahubiri hayo hayajawahi kuniridhisha, maana babu yangu mzaa baba alikuwa mchimbaji. Alifanya kazi kwenye mgodi wa risasi wa Mpanda, ule uliosababisha reli ya kutoka Kaliua ijengwe mwishoni mwa miaka ya 1940, na alikuwepo mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1960. Mgodi ulikufa, reli ikabaki, na mji ukaendelea kuishi kwa sababu ya reli hiyo. Babu alikuwa Mmoravian wa kweli, mwimbaji wa besi, mtu aliyeomba kabla ya kula hata kama kilichopo ni muhogo wa kuchoma. Sura ya 28 ikisomwa kanisani, alikuwa akikaa wima kwenye benchi. "Mjukuu wangu," aliniambia siku moja tukirudi nyumbani, "aliyeandika haya ama alishuka shimoni, ama alikaa jioni nzima na mtu aliyeshuka."

Leo naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na ninasali Fulneck, makazi ya Wamoravian yaliyoanzishwa mwaka 1744 upande wa Bradford. Ukiendesha gari kuelekea kaskazini-magharibi unafika Swaledale, bonde la mto Swale, ambalo watu wake waliishi kwa kondoo na risasi kwa karne nyingi. Ipo njia ya kuzunguka ninayoirudia kila mwaka hali ya hewa ikiruhusu. Inaanzia kijiji cha Gunnerside, inapanda kwenye korongo la wachimbaji, inavuka nyika ya mlimani, inashukia korongo jingine liitwalo Swinner Gill, halafu inafuata mto hadi kijijini tena. Ni mwendo wa kutwa nzima. Njia hii ndiyo iliyonifundisha kuisoma sura ya Ayubu kuliko mahubiri yote niliyoyasikia, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kupanda, simama kidogo mbele ya kanisa la Wamethodisti la Gunnerside. Lilijengwa mwaka 1866, na ni kubwa mno kwa kijiji hiki kidogo. Ukubwa wake unakueleza idadi ya watu waliokuwa hapa. Umethodisti ulishika mizizi kwenye mabonde haya katika karne ya 18, John Wesley mwenyewe alipopita akihubiri, na wachimbaji walikuwa miongoni mwa waliompokea. Sisi Wamoravian tuna sababu ya kupatazama mahali hapa kama kwa ndugu. Mwanzoni mwa mwaka 1736 Wesley alikuwa melini kuelekea Georgia, dhoruba ikaipiga meli, naye akawaona Wamoravian wa Kijerumani wakiendelea kuimba bila hofu. Jambo hilo lilimsumbua kwa muda mrefu, na lilikuwa sehemu ya njia iliyomfikisha kwenye imani aliyoihubiri baadaye. Imani hiyo ikafika hapa, kwa watu walioingia chini ya mlima kila asubuhi. Nyimbo tulizoimba na babu na nyimbo zilizoimbwa ndani ya kuta hizi zina ukoo mmoja.

Njia inaanza kando ya kijito, chini ya miti. Baada ya muda miti inaisha, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zinapungua, na kondoo wa Swaledale wenye uso mweusi na pua nyeupe wanakutazama kutoka kwenye majani mafupi. Halafu magofu yanaanza. Kwanza ni vilima vya changarawe ya kijivu ambavyo havijaota majani mpaka leo. Kisha ipo safu ya vyumba vya mawe visivyo na paa, vimepangana ubavu kwa ubavu, na upande wa mbele viko wazi.

Vyumba hivi nakaa navyo sana. Wachimbaji wa hapa hawakulipwa kwa siku. Walijiunga vikundi, na kwa kawaida kila robo mwaka kikundi kilipatana na msimamizi wa mgodi: mahali fulani, mwamba wa namna fulani, bei kiasi fulani kwa kipimo cha madini yatakayopatikana. Mawe yao yakitolewa handakini kwa matoroli ya kukokotwa na farasi yalimwagwa kwenye chumba chao wenyewe, yasichanganyike na ya kikundi kingine, mpaka yapondwe, yaoshwe na kupimwa. Mwamba ukiwa mkarimu, familia inalipa madeni ya dukani. Mwamba ukikataa, robo nzima imekwenda bure na deni limeongezeka. Wachimbaji wadogo wa Geita au Chunya wangeuelewa mpango huu bila kufafanuliwa. Ukisimama kati ya kuta mbili za mawe zilizojengwa ili jasho la watu wanne au sita lisihesabiwe kuwa la wengine, unaona kwamba walioishi hapa walijua kitu kuhusu haki, na walikijenga kwa mikono yao.

Hatua chache kutoka hapo ndipo lilipo handaki la Sir Francis. Walianza kulitoboa mwaka 1864, chini kabisa kwenye kijito, ili waufikie mkanda wa madini wa Friarfold kutokea chini yake, maji yanayojaa shimoni yapate pa kutokea, na madini yateremke badala ya kupandishwa. Kwenye kazi hii ngumu walileta mashine za kutobolea zinazoendeshwa kwa hewa ya mgandamizo. Pipa kubwa la chuma lililokuwa likihifadhi hewa hiyo bado limelala pale kwenye majani, limepata kutu, na vichwa vya ribiti vinahesabika kwa kidole. Mkanda waliufikia mwaka 1877. Miaka 13 ya kutoboa mwamba. Haukupita muda mrefu bei ya risasi ikaanguka, kwa sababu risasi nyingi ya gharama ndogo ilikuwa ikiingia kutoka nje, hasa Uhispania. Katika miaka ya 1880 migodi ya Swaledale ilianguka mmoja baada ya mwingine. Familia zilifunga mizigo. Wengine walikwenda kwenye makaa ya mawe ya Durham, wengine kwenye viwanda vya pamba vya Lancashire, wengine walivuka bahari hadi machimbo ya risasi kando ya mto Mississippi.

Hapa ndipo swali linaponishika. Mtu aliyetoa ujana wake kwenye handaki lile, akapata kifua cha vumbi, akazikwa kabla ya uzee kama wengi wao, kazi yake ilikuwa nini? Hakuna kilichobadilika mikononi mwake kati ya mwaka ambao risasi ilikuwa na bei na mwaka ambao haikuwa nayo. Aliamka saa ileile, akapiga sululu kwa nguvu ileile. Kilichobadilika kilikuwa kwenye daftari la mtu aliye mbali. Mhubiri, mwana wa Daudi, anauliza mtu anapata faida gani kwa taabu yake yote, na walio wengi wanamsoma kana kwamba amekwisha kujibu kuwa hakuna. Mimi nasema faida na thamani ni vitu viwili, na anayevichanganya amekubali kwamba soko ndilo litakalohukumu maisha ya watu siku ya mwisho. Ayubu 28 inakataa jambo hilo waziwazi. Inataja dhahabu ya Ofiri, inataja vito kimoja baada ya kingine, na inasema hakuna hata kimoja kinachoweza kuwekwa kwenye mizani dhidi ya hekima. Kwa muda mrefu niliuona huo kuwa mstari wa kuwadharau wanaochimba dhahabu. Nikiwa pale Sir Francis nauona kuwa ulinzi wao. Kikiwepo kitu kimoja ambacho bei haiwezi kukigusa, basi bei si Mungu, na mtu ambaye bei imemkataa hajakataliwa.

Nilimweleza binti yangu hivyo tulipopanda naye. Amezaliwa Leeds, amesoma mambo ya mazingira, na Kiswahili chake ni cha nyumbani lakini ni kizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye mteremko wa mbele yetu.

"Mama, na ile je?"

Alikuwa akionyesha makovu ya Gunnerside. Pande zote mbili za korongo, kutoka nyika ya juu hadi karibu na kijito, mlima umechanwa mifereji mipana yenye kina kirefu, mawe matupu, kuta zake zimesimama wima. Majina yake yako kwenye ramani: Friarfold, Gorton, Bunton. Mtu asiyejua angedhani ni maporomoko ya kale. Ni kazi ya watu. Walijenga bwawa juu kwenye nyika kwa udongo na majani, wakaacha mvua ilijaze, kisha wakalibomoa kwa mara moja. Maji yalishuka na kila kitu, udongo, majani, mawe, mpaka mwamba ukabaki uchi na mkanda wa madini ukaonekana. Walichukua kilichoonekana, wakajenga bwawa tena. Mvua ya mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi.

"Waliua mlima," binti yangu alisema.

"Walikuwa na njaa, mwanangu."

"Njaa ilikuwa yao. Mlima ulikuwa wa nani?"

Sikuwa na haraka ya kumjibu, na sioni aibu kwa hilo. Swali lake ni zito kuliko majibu yaliyozoeleka. Tukiwa watu wa imani tunajua kusema kwamba nchi ni ya Bwana, lakini mara nyingi tunalisema kanisani, sio mbele ya mteremko uliochanwa. Na ukiirudia sura ya Ayubu ukiwa na mteremko ule mbele yako, mambo mawili yanayotajwa humo, kupindua milima na kuamuru maji mwambani, yanaacha kuwa ushairi. Yako pale. Unaweza kuingia ndani yake na kugusa kuta.

Tulikula chakula cha mchana Blakethwaite, juu kabisa ya korongo, mahali vijito viwili vinapokutana. Lipo daraja la bamba moja la jiwe, yapo magofu ya tanuru la kuyeyushia risasi la mwanzoni mwa karne ya 19, na pembeni yake ghala la mboji lenye matao ya mawe. Mboji ilikatwa juu kwenye nyika, ikakaushwa, ikawekwa humo ili upepo upite katikati, kisha ikawa nishati ya tanuru. Matao yaliyobaki ni ya kupendeza kupita kiasi kwa jengo la kuhifadhia udongo wa kuchoma. Aliyeyajenga alikuwa fundi aliyependa kazi yake.

Kutoka tanurini inapanda dohani ndefu iliyolazwa juu ya mteremko. Moshi wa risasi ni sumu, na waliokaa nao walijua hivyo kwa sababu waliwaona wenzao na mifugo yao wakidhoofika. Dohani iliupeleka mbali, juu ya mlima. Ilikuwa na faida nyingine: moshi ukipoa, risasi iliganda kwenye kuta za ndani, na baada ya muda watu waliingia humo, wakajikunja, wakaikwangua ili iyeyushwe upya. Nimechungulia kwenye kipande cha dohani ambacho paa lake limedondoka. Mawe ya ndani yana utando mweusi. Nilimfikiria aliyetambaa humo na kifaa cha kukwangulia, kitambaa kimefungwa puani, na familia iliyokuwa ikimngoja.

Kutoka hapo njia inaingia nyika. Sijui kama msomaji aliyekulia Katavi au Pwani anaweza kuipata picha yake kwa maneno matupu. Hakuna mti. Ardhi ni mboji nyeusi inayobonyea chini ya kiatu, imefunikwa na kichaka kigumu kisichopita goti, ambacho mwezi wa Agosti kinatoa maua ya zambarau hadi upeo wa macho. Mtu wa mjini huona hapo uumbaji ambao haujaguswa. Umeguswa sana. Kwa miaka mingi vichaka vimekuwa vikichomwa kwa zamu, vipande kwa vipande, ili machipukizi mapya yawalishe ndege jamii ya kwale ambao wenye fedha huja kuwawinda kuanzia tarehe 12 Agosti. Sheria ya mwaka 2000 ndiyo iliyotupa sisi wengine ruhusa ya kutembea kwa miguu kwenye nyika za namna hii nchini humu, hata nje ya njia zilizochorwa. Upepo juu kule hauna mahali pa kujificha nao, na watu wa Gunnerside walikuwa wakivuka hapa kwenda kazini huku mikono yao ikifuma soksi za sufu, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa mshahara haukutosha na muda wa kutembea haukustahili kupotea.

Swinner Gill, korongo la kushukia, ni jembamba na lina giza. Ndani yake lipo pango lililojificha karibu na maporomoko ya maji, na wenyeji wanaliita kanisa. Inasimuliwa kwamba enzi za mateso ya kidini watu waliokataa ibada ya serikali walikutana humo kwa siri. Nilipoingia maji yalikuwa yakidondoka kwenye shingo yangu, nikaimba ubeti mmoja wa Kiswahili polepole. Jirani kabisa na hapo kuna matundu ya mgodi. Mwamba uleule umewapa watu risasi na mahali pa kumwomba Mungu, na sidhani kwamba waliokuwa wakiingia kwenye pango waliona tofauti kubwa kati ya giza moja na jingine. Walikuwa wamezoea kubeba mwanga wao.

Mbele kidogo, kwenye kona ambapo bonde la Swale linafunguka lote, yapo magofu ya Crackpot Hall. Lilikuwa jumba la shamba, na mandhari yake ni miongoni mwa mazuri niliyowahi kuyaona duniani. Waliokaa humo walihama katika miaka ya 1950 kwa sababu nyumba ilikuwa ikipasuka. Chini yake ardhi ilikuwa ikititia, kwa sababu ya migodi iliyochimbwa zamani. Wachimbaji walikuwa wamekwisha kufa na wajukuu wao kutawanyika, lakini shimo lao lilikuwa bado linafanya kazi.

Kutoka Crackpot Hall wengi wa watembeaji ninaokutana nao wanaelekea upande ambao mimi nimetokea. Wako kwenye njia ndefu ya Alfred Wainwright, iliyotolewa mwaka 1973, inayovuka Uingereza kutoka bahari ya magharibi hadi ya mashariki. Wanapita kwenye magofu, wanapiga picha, na jioni wako bonde jingine. Siwalaumu. Lakini njia ya kuzunguka ina adabu yake. Inakushusha mtoni, na mtoni ndipo hesabu iliyobaki inapolipwa.

Kando ya mto njia inaungana na barabara nyembamba ya kale inayoitwa Njia ya Maiti. Mpaka mwaka 1580, kanisa la kijiji cha Muker lilipopata ruhusa ya kuzika, watu wa juu ya bonde hawakuwa na makaburi yaliyowekwa wakfu karibu kuliko Grinton. Kutoka Keld, kijiji cha juu ya bonde, ni kama kilomita 25. Walibeba wafu wao mabegani, kwenye majeneza mepesi ya kusukwa, safari iliyoweza kuchukua siku mbili. Kwenye daraja la Ivelet, daraja la upinde mmoja mrefu wa jiwe, lipo jiwe bapa kwenye nyasi ambapo wabebaji walilitua jeneza na kupumua. Nimeweka kiganja changu juu yake. Nilikumbuka jinsi tulivyombeba babu kutoka nyumbani, wanaume wakipokezana kila hatua chache bila kuambiana, kila aliyechoka anakuta tayari kuna bega jingine. Hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo, na haina bei ya kuanguka.

Baada ya daraja njia inapita kwenye mashamba tambarare ya majani, yenye kuta za mawe na vibanda vya kuhifadhia nyasi, mpaka Gunnerside. Mwezi Juni yanajaa maua. Haya ndiyo mashamba ambayo mto unayafunika ukifurika. Wataalamu waliopima udongo wa tambarare za mto Swale wamekuta humo risasi ya migodi, si hapa tu bali mbali sana kwenda chini. Kila furiko linakwangua vilima vya changarawe na kingo za zamani, linabeba, linatandaza. Risasi haiozi. Maji yaliyobomolewa kwenye mabwawa ya nyika, enzi ambazo hakuna aliyebaki wa kuzisimulia, yalishuka kwenye kijito, kijito kikaingia Swale, Swale ikaungana na Ure wakawa Ouse, Ouse ikapita katikati ya York na kumwagika Humber, baharini. Aliyelibomoa bwawa aliona mkanda wa madini. Hakuiona York.

Na hapa ndipo Ayubu 28 iliponifungukia. Nilikuwa nimezoea kutafuta tofauti kati ya mchimbaji na Mungu katika nguvu, au katika usafi wa nia. Sura yenyewe inaiweka kwenye macho. Mchimbaji anaona kilichofichwa mahali alipo, na sura inamsifu kwa hilo bila kinyongo. Mungu anatazama hadi miisho ya dunia. Ndiye anayejua upepo una uzito gani, maji ni kiasi gani, mvua na radi zitapita wapi. Halafu mwisho kabisa mwanadamu anapewa hekima ya kimo chake, nayo ni kumcha Mungu na kujitenga na uovu. Wachaji Mungu walikuwepo Gunnerside, kanisa lile ni ushahidi. Walijitenga na uovu walioujua: kumpunja mwenzako mawe yake, kumwacha maiti wa jirani bila wa kumbeba. Uovu ulioteremka na maji hawakuujua, au waliujua kwa sehemu, kama inavyoonyesha dohani ile iliyoupeleka moshi mbali na pua zao na kuuacha uangukie nyika na kondoo wa mwingine.

Kwa hiyo namjibu binti yangu, kwa kuchelewa. Sikubali kwamba kazi yao ilikuwa bure, na sikubali kwamba kuthaminiwa kwa kazi hiyo kunafuta kovu. Nadhani kumcha Mungu, kwa mtu anayefukua ardhi au anayenunua kilichofukuliwa, kunaanza pale anapouliza maji yanakwenda wapi, na kuendelea kuuliza hata baada ya kuvuka mpaka wa eneo lake. Sisi tuna faida ambayo wao hawakuwa nayo. Tunaweza kupima udongo. Tunaweza kuzunguka na kushuka upande wa pili. Tukijua na kunyamaza, tumekuwa chini yao.

Binti yangu hakuridhika kabisa. Alisema ni rahisi kusema hivyo juu ya mgodi wa Waingereza waliokufa, akaniuliza maji ya Mpanda yanakwenda wapi. Niliyajua mashapo ya mgodi wa babu kama vilima vya kuchezea. Tulikuwa tunateleza juu yake na vipande vya ndoo za plastiki. Hakuna aliyetufikisha upande wa chini, mvua inakoelekea.

Nimemwandikia mdogo wangu anayeishi kule. Alijibu, "Dada, nitakwenda baada ya mavuno, lakini niambie kwanza nikatafute nini." Nimemwambia aanzie juu kwenye vilima vile, afuate mkondo wa maji ya masika hata kama umekauka, na kila nyumba atakayoipita abishe hodi, asalimie, aulize wanachota maji wapi na mboga zao wanazimwagilia kwa maji gani. Aandike majibu kwenye daftari na mahali penyewe. Binti yangu ameanza kutafuta maabara itakayopokea chupa za maji na udongo, na anataka kujua chupa ziwe za aina gani.